Damu Nzito, Mkono Mwepesi

Jumatatu, Machi 4

Daktari amesema niandike. "Hata mstari mmoja kwa siku. Utaona mwenyewe kumbukumbu yako inavyokwenda." Haya, naandika. Mume wangu kaninunulia daftari la kurasa mia mbili. Nikamwuliza kwani nitaugua mpaka uzeeni? Akacheka, halafu akaacha kucheka.

Mimi ni mwendesha kreni, mwaka wa tisa sasa. Ni kreni ya mnara, ile ya kujengea maghorofa. Kibanda changu kiko mita arobaini juu ya ardhi, na nikishafunga kile kimlango hakuna binadamu wa kunifuata huko. Wiki nne zilizopita nilikuwa nashuka ngazi baada ya zamu, mguu wa kushoto ukagoma. Haukuuma wala nini, uligoma tu kama mtoto asiyetaka shule. Nilifika chini kwa nguvu za mikono. Hospitali wakakuta damu imeganda na kuziba mshipa mdogo kichwani. Wakapima, wakarudia kupima, wakanieleza kwamba kinga ya mwili wangu, ambayo kazi yake ni kupigana na maradhi, imepotoka inaichokoza damu yangu mwenyewe. Damu ikichokozwa inaganda. Kipande kikisafiri mpaka kichwani, ni kiharusi.

Daktari akaniuliza kama nimewahi kuharibikiwa na mimba. Nikasema mbili. Akasema yawezekana kabisa ni ugonjwa huuhuu. Miaka sita nimeishi nikidhani ni zile ngazi za kreni. Aliyesema ni ngazi alikuwa mama mkwe wangu, tena mbele ya wageni.

Sasa nina kidonge cha kila jioni cha kuzuia damu isigande. Kila wiki nesi ananitoboa kidole na kusoma namba. Ikiwa chini ya mbili, damu inaganda. Ikipita tatu, naweza kutokwa damu isikome. Kati ya mbili na tatu ndiyo salama, na hapo ndipo ninapotakiwa kutembea, kama fundi juu ya ubao mmoja.

Msimamizi wa mjengo alinipigia simu leo. "Mvua inaanza, kazi itasuasua. Kiti chako nitakishikilia mpaka mvua iishe. Niletee fomu iliyosainiwa na daktari. Zaidi ya hapo usinilaumu." Na daktari anasema atasaini nikipata vipimo vitatu vizuri mfululizo, na pasiwe na dalili nyingine yoyote. Nimeinua tani nane za nondo kwenye upepo. Namba tatu zitanishinda?

Jumanne, Machi 5

Mvua. Mama mkwe amefika "kwa wiki moja tu". Ana mabegi matatu.

Alhamisi, Machi 7

Mama mkwe alikuwa askari magereza miaka thelathini na moja, upande wa wanawake. Yeye amestaafu, lakini ukaguzi haujastaafu. Kila baada ya saa mbili anapita kwenye korido, anagonga mlango wa chumba changu kwa kifundo cha kidole, mara moja tu.

"Upo?"

"Nipo, Mama."

Anaendelea na safari yake. Leo nimemwuliza, kwani nitatoroka niende wapi?

"Wote huuliza hivyo," akasema.

Mume wangu ni fundi bomba, anatoka alfajiri anarudi jioni. Kwa hiyo mchana kutwa ni mimi na askari. Siruhusiwi kupika, nisije nikajikata. Siruhusiwi kufunga mlango wa bafuni. Siruhusiwi kutoka getini peke yangu. Chumba kina hatua sita kwa tano, dirisha lina nondo kumi na moja, na nje ni ukuta wa jirani unaochuruzika maji. Kibanda changu cha kreni ni kidogo mara tatu ya chumba hiki, na sijawahi kuhisi nimefungiwa ndani yake.

Asubuhi analeta bilauri ya juisi ya majani mabichi. Spinachi, mchicha, majani ya bitiruti, kila cha kijani kilichokosea njia kikapita mbele yake. Anatwanga, anakamua, anachuja kwa kitambaa cheupe. "Ugonjwa wa damu dawa yake ni kuongeza damu," anasema. Nikamwambia daktari alisema nile kama kawaida yangu. "Kawaida ni ya wazima." Nikanywa. Heri kumeza kuliko kubishana.

Jumanne, Machi 12

Namba: 2.2. Moja tayari! Nimetoka kliniki nikitembea kama bibi harusi. Nesi kaniuliza nakula vizuri? Nikamjibu nalishwa kama ng'ombe wa maziwa.

Ijumaa, Machi 15

Filimbi amekuja kunitazama. Ni mpiga ishara wangu, yule anayesimama chini, anafunga mzigo kwenye ndoano na kunielekeza kwa redio. Zamani kabla ya redio alikuwa anapuliza filimbi, jina likamganda. Amekuja na matope mpaka magotini, mama mkwe akamsimamisha mlangoni na kumkagua kuanzia kofia hadi viatu.

"Wanasema damu nzito kuliko maji," Filimbi akaniambia. "Yako wewe imezidisha."

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Wiki nzima hakuna mtu aliyenitania humu ndani. Anasema wamemweka kijana wa kampuni nyingine kiti changu, anaendesha kreni kama anafukuza nzi. "Rudi, dada. Rudi haraka."

Jumamosi, Machi 16

Upo? Nipo. Juisi. Mvua.

Jumanne, Machi 19

Namba: 1.6.

Daktari akasoma, akavua miwani. "Kidonge unakunywa kila siku?" Nikasema kila siku. "Bila kuruka?" Bila kuruka. Akamgeukia mume wangu, kana kwamba mimi ni mtoto na yeye ndiye mzazi, akamwuliza yeye. Mume wangu akasema, "Nadhani anakunywa." Nadhani! Nilimtazama mpaka akainamisha kichwa.

Kufika nyumbani akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi: "Si kosa lako. Daktari alisema unaweza kusahau vitu."

Hesabu inaanza upya kutoka sifuri.

Jumatano, Machi 20

Kuanzia leo nikimeza kidonge naweka alama hapa. ✓

Alhamisi, Machi 21 ✓

Jambo limetokea, na nitaliandika hapa tu.

Tulikuwa mezani jioni. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umelala pembeni ya sahani. Ukainuka. Sikuuinua mimi. Vidole vikafunguka, vikajikunja, kiganja kikageuka juu, kikageuka chini, kama mtu anayekung'uta maji. Nikaushika kwa mkono wa kulia, nikajifanya naukanda. Mama mkwe alikuwa anamimina maji. Mume wangu alikuwa anatafuna. Baada ya dakika kama tano ukatulia.

Kwenye kreni, mkono wa kulia unapandisha na kushusha. Mkono wa kushoto ndio unaozungusha. Ukicheza kidogo huko juu, huku chini mzigo unafagia nusu ya kiwanja.

Pasiwe na dalili nyingine yoyote, daktari alisema. Basi haipo.

Jumapili, Machi 24 ✓

Mkono umecheza mara mbili. Nikiwa na hasira unazidi. Nimegundua nikiukalia hauonekani.

Jumanne, Machi 26 ✓

Namba: 1.4. Chini zaidi. Daktari ameongeza dozi. Safari hii hakuniuliza kama nakunywa. Ameandika tu kwenye faili, na mimi kusoma maandishi kichwa chini naweza: *mgonjwa huenda hanywi dawa*.

Jioni mume wangu amemwaga vidonge mezani na kuvihesabu. Vilitimia sawasawa. Badala ya kuniomba radhi akasema, "Au unavitupa?" Ndoa ya miaka kumi na moja, jamani. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Mama mkwe akaingia katikati: kuanzia leo atanipa kidonge kwa mkono wake, na nitafungua kinywa aone nimemeza. Alisema hivyo bila ukali wowote. Ni kazi aliyoifanya miaka thelathini na moja.

Nimefungua kinywa. Nimeinua ulimi. Askari akaridhika.

Lakini usiku huu najiuliza mwenyewe: je, kama ni kweli? Kama kuna mtu ndani yangu anayetupa vidonge na mimi sikumbuki? Alama ziko hapa, ni mwandiko wangu. Ila hata mkono wangu mmoja siuamini tena, nitauaminije wa pili?

Ijumaa, Machi 29 ✓

Mvua siku ya tatu bila kukata. Bilauri zimekuwa mbili, asubuhi na jioni, kwa kuwa "namba inashuka". Upo? Nipo. Upo? Nipo. Nimeanza kujibu kabla hajagonga.

Jumamosi, Aprili 6

Naandika kitandani, hospitali. Mwandiko unapanda na kushuka, mtanisamehe.

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimekaa kitandani nakunja soksi za mume wangu. Nikataka kusema kitu peke yangu, kama ninavyofanya siku hizi, nadhani nilitaka kusema soksi hii imetoboka. Neno halikuja. Nikalitafuta. Nikajua kabisa ninachokishika, nikajua kina tundu, lakini jina lake limeondoka. Nikatafuta jina la mume wangu. Limeondoka. La kwangu pia. Nilikuwa mzima humo ndani, nayaona yote, nasikia mvua, na mlango wa kutokea umefungwa kwa nje. Upande wa kulia wa uso ukafa ganzi. Soksi ikaanguka.

Sijui ni muda gani nilikaa hivyo. Nilitaka kupiga kelele, ikatoka sauti kama ya mtu anayesukutua.

Halafu, kifundo mlangoni.

"Upo?"

Kimya.

"Upo?"

Nilijaribu. Naapa, sijawahi kujaribu kuinua kitu kizito kama lile neno moja. Halikutoka. Na yule mama ambaye nimemlaani mwezi mzima hakusubiri kuuliza mara ya tatu. Aliusukuma mlango, akanitazama usoni kwa sekunde moja, akanilaza ubavu, akampigia mwanawe, akampigia dereva wa teksi wa jirani, akanibeba. Ana miaka sitini na nane. Alinibeba mgongoni hadi getini kwenye mvua, bila viatu, anasema njiani, "Usilale, mwanangu. Usilale, nakuhesabu bado."

Maneno yalirudi baada ya saa moja hivi, moja moja. La kwanza lilikuwa "mvua". Daktari anasema ni kiharusi kidogo, kile cha kupita, na kinachofuata huenda kisipite. Namba ilikuwa 1.3. Wamenichoma sindano za tumboni, dozi imepanda tena.

Mume wangu amelala kwenye kiti. Anasema yeye mabomba anayajua, uchafu ukiziba unafungua, unasafisha, unafunga. "Lakini wewe nikufungue wapi?" akaniuliza, akalia. Nililia naye. Hasira ya vile vidonge haikuisha, lakini nilimpa shuka ajifunike.

Jumanne, Aprili 9

Nyumbani. Namba: 2.0, kwa msaada wa sindano. Mama mkwe sasa anagonga kila baada ya saa moja. Sithubutu kulalamika.

Alhamisi, Aprili 11 ✓

Nilimwuliza Mama kwa nini aliingia upesi vile. Akaniambia zamani, mwaka wake wa pili kazini, alimwita mfungwa mmoja mara mbili, hakujibiwa, akadhani ni jeuri, akaendelea na ukaguzi wake. Aliporudi binti wa watu alikuwa amekwisha kufa. "Alikuwa rika lako," akasema. Akaendelea kuchuja majani yake.

Jumanne, Aprili 16 ✓

Namba: 1.8. Sifuri tena! Dozi imepanda tena. Daktari mwenyewe sasa anashangaa. "Dozi hii ingemtosha tembo," amesema. Dalili nyingine? Hakuna, Daktari. Mkono uko chini ya mkoba wangu, unakuna zipu.

Jumamosi, Aprili 20 ✓

Mama amefiwa na dada yake, amesafiri kwenda kuzika. Atakaa huko siku kumi. Kabla ya kuondoka alimpa mwanawe maagizo ukurasa mzima, kama anakabidhi zamu. Juisi mwanawe hawezi, hata kuchemsha maji ni bahati nasibu.

Nyumba imekuwa kimya. Hakuna anayegonga. Nilidhani nitafurahi.

Jumatano, Aprili 24 ✓

Jana mashine ya kliniki ilikuwa mbovu, sikupimwa. Fizi zimetoka damu nikipiga mswaki. Na kuna michubuko mapajani, sijui nimejigonga wapi.

Jumamosi, Aprili 27

Leo saa kumi alfajiri pua ilianza kutoka damu. Tulibana, tukaweka kitambaa cha baridi, tukabana tena. Taulo la kwanza, la pili, la tatu. Mume wangu, mtu anayezuia mafuriko kwa riziki yake, alikuwa ananiuliza mimi itakoma lini. Hospitali wakasoma namba: 6.1.

Walizuia damu, wakasimamisha kidonge. Asubuhi daktari akaja, akavuta kiti, akakaa. Hajawahi kukaa.

"Wiki iliyopita 1.8, leo 6.1. Dozi niliiongeza kidogo tu, haiwezi kuirusha hivi. Nini kimebadilika nyumbani?"

"Hakuna. Mama mkwe tu kasafiri."

"Mama mkwe anakufanyia nini akiwepo?"

"Ananichunga."

Mume wangu akacheka kwa woga. Daktari hakucheka. "Namaanisha anakupa nini? Anakupikia nini?"

Nikamtajia. Na juisi. Juisi gani? Ya majani. Mara ngapi? Zamani bilauri moja, tangu namba ishuke ni mbili, asubuhi na jioni. Daktari akafumba macho. Akatueleza polepole: yale majani ya kijani yana kitu kinachosaidia damu kuganda. Kula kidogo kila siku, sawasawa, hakuna neno. Lakini bilauri mbili za mkamuo zinapigana na kidonge. Mimi nameza dawa, Mama ananipa cha kuifuta. Daktari anaongeza dawa, Mama anaongeza majani. Mama kaondoka na majani yake, dawa ikabaki peke yake bila wa kushindana nayo, ndiyo damu ikamwagika.

"Nilikwambia ule kama kawaida," daktari akasema. Kisha akasema, "Ilinipasa niulize. Niliandika huenda hunywi dawa. Samahani."

Kumbe sikuwa nimesahau. Kumbe sikutupa hata kimoja. Alama zangu zilisema kweli. Nililia kwa furaha, na pamba puani. Mume wangu akapiga magoti kando ya kitanda mbele ya manesi, akaniomba radhi kwa kuhesabu vidonge. Nikamwacha apige magoti kidogo, alistahili.

Daktari akauliza tena, "Hakuna dalili nyingine?"

Nimesafishwa leo, nimeaminiwa, faili limeandikwa upya. Nikasema hakuna.

Jumatano, Mei 1

Mama amerudi kutoka mazikoni na nguo nyeusi, na kifurushi cha majani aliyoyachuma huko. Mume wangu hakuweza kumwambia. Alizunguka sebuleni, akafungua bomba, akafunga. Nikamwambia mimi.

Alisikiliza amesimama wima, mikono nyuma. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo ile siku uliyonyamaza. Ni mimi?"

Nikatafuta uongo mzuri, sikuupata kwa haraka. "Ni ugonjwa, Mama. Majani yalisaidia tu."

Alikwenda jikoni. Nikasikia kinu kinaburutwa, mlango wa nyuma unafunguliwa. Alikitoa nje kwenye mvua. Aliporudi aliketi kitandani kwangu, mara ya kwanza tangu aje, akatazama zile nondo za dirisha.

"Na zile mimba mbili," akasema. "Mwanangu kaniambia. Nazo ni damu?"

"Nazo."

"Nilisema ni ngazi."

"Ulisema."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu, Mama."

Hakuomba radhi kwa maneno. Alinishika kisogo, akakilaza kichwa changu begani mwake, akakaa hivyo mpaka giza likaingia na mkono wangu wa kushoto ukaanza kucheza mgongoni mwake. Nadhani alidhani nambembeleza.

Jumanne, Mei 14

Kidonge nimerudishiwa, kwa dozi ndogo. Namba: 2.4. Moja.

Alhamisi, Mei 16 ✓

Filimbi kaja tena. Safari hii Mama alimkaribisha mwenyewe, akamwandalia kiti. Mjengo umefika ghorofa ya tisa, mvua imeanza kulegea. Yule kijana wa juu wiki jana alipitisha furushi la nondo karibu na kofia ya Filimbi, upepo wake akausikia sikioni.

"Wewe ukiwa juu," akaniambia, "mimi mzigo siutazami. Nasimama chini yake nafunga kamba za viatu. Mke wangu ananiuliza huogopi? Namwambia juu yuko dada yangu."

Mkono nilikuwa nimeukalia. Ulikuwa unajipigapiga chini ya paja langu kama kuku aliyefungwa miguu. Nilimwambia wiki mbili tu, nakuja.

Alipoondoka sikuweza kula. Njia ya mwongo fupi, tulifundishwa hivyo shuleni. Yangu inakwenda mpaka mita arobaini.

Jumapili, Mei 19 ✓

Nimefanya jaribio. Nimesimamisha vijiko viwili mezani, kila mkono kimoja, kama vishikio vya kreni. Nikajiambia: ghorofa ya tisa, mzigo wa matofali, Filimbi yuko chini. Nimehesabu hadi mia tatu. Mkono ulitulia mpaka mia mbili na kumi. Nikarudia, ukatulia mpaka tisini. Nikarudia, ukatulia kabisa hadi mwisho, nikafurahi kama mwehu. Nikarudia. Arobaini.

Jumanne, Mei 21 ✓

Namba: 2.6. Mbili. Msimamizi kapiga simu: Jumatano ijayo lazima ajue, ama mimi ama wanamwajiri yule kijana moja kwa moja.

Ijumaa, Mei 24 ✓

Hakujanyesha siku mbili. Mama ameniruhusu kwenda dukani peke yangu, hatua mia moja na hamsini. Alisimama getini kunihesabu. Nilifika kona, nikasimama pale ambapo kreni inaonekana kwa mbali, juu ya mapaa. Ilikuwa inazunguka. Niliona wivu, kama mwanamke anayemwona mumewe na mtu mwingine.

Sijui kazi nyingine. Sitaki kujua nyingine. Nikikosa kile kibanda, chumba hiki cha hatua sita kwa tano ndicho nitakachofia.

Jumanne, Mei 28

Namba: 2.5. Tatu.

Nesi alinipigia makofi. Daktari akatoa ile fomu kwenye droo, akaandika namba zote tatu, mstari kwa mstari. Mume wangu alikuwa amekaa kushotoni kwangu, ameushika mkono wangu wa kushoto kwa mikono yake yote miwili, juu ya mapaja yake. Mimi nilikuwa nashukuru kimoyomoyo, maana mkono ulioshikwa na mume hauulizwi maswali.

"La mwisho," daktari akasema, kalamu iko juu ya karatasi. "Dalili nyingine yoyote?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nimelisema kila wiki tangu mwezi wa tatu, limekuwa laini. Hakuna. Lakini nilimwona Filimbi amechuchumaa chini ya mzigo, anafunga kamba za viatu, hatazami juu. Walinishuku uongo kwa vidonge, nikalia kwamba nimeonewa. Na kweli nilionewa. Muda wote huo uongo nilikuwa nao, ila walikuwa wanautafuta kwenye mfuko mwingine.

Nikamwambia mume wangu, "Niachie mkono."

Hakuniachia. Alibana zaidi.

"Niachie."

Akanigeukia. Macho yake yalikuwa yananisihi, na midomo yake ikasema bila sauti, *nyamaza*. Alikuwa anajua. Hayakuwa mapenzi tu yaliyomfanya aushike.

Alifungua vidole kimoja kimoja. Mkono ukabaki umelala juu ya goti lake, sekunde mbili, tatu. Halafu ukainuka wenyewe. Ukapanda mezani, vidole vikafunguka na kujikunja, kiganja kikageuka juu na chini, ukaigusa ile fomu, ukaisukuma, ukairudia. Daktari aliweka kalamu chini. Hakuusimamisha. Aliutazama mpaka alipotosheka.

"Umeanza lini?"

Nikafungua kinywa kujibu. Mume wangu akanitangulia.

"Machi," akasema. "Tulikuwa mezani tunakula. Nilijifanya natafuna." Uso wake ulikuwa umelowa. "Daktari, anaipenda ile kazi. Nilidhani nikiushika vizuri, utapita."

Daktari alieleza mengi. Kwamba ni ugonjwa uleule, umefika sehemu ya kichwa inayotawala mijongeo. Kwamba kuna dawa inayoweza kuutuliza, na ingeanza mapema kama tungesema. Kwamba kichwa lazima kipigwe picha upya. Kwamba kupanda kreni, hapana. Si mwezi huu, na hata mwaka ujao hawezi kuahidi. Akaandika neno moja chini ya namba zangu tatu nzuri: *Asipande*. Akasaini, akageuza karatasi tuisome.

Nililia. Sikulilia ugonjwa, wala aibu ya kuumbuka. Niliililia kreni yangu, kwa sauti, kama anavyoliliwa mtu. Mume wangu akanyoosha viganja vyake kuushika tena ule mkono. Nikamwambia aache, auache ucheze.